Gari Linalofikiri Kabla ya Kurudi Nyuma

4 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Nakuletea moja tu, usije ukadhani nimekufungia gunia. Simu yangu hupokei, na siku ulipoipokea kwa bahati mbaya ulisema uko chini ya gari, ukakata. Basi nimeandika. Karatasi huwezi kuikata katikati ya sentensi.

Hapa tu wazima. Mama hajambo, ni umri tu unaomdai. Bado anagombana na redio kila asubuhi kana kwamba msomaji wa habari anamsikia. Binti yangu amefaulu mitihani yake, ingawa mjomba wake hakuuliza. Mimi niko na cherehani yangu. Msimu wa sare za shule umepita na mgongo wangu. Wifi yangu msalimie, yeye hana kosa ila la kuolewa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Gari la marehemu baba linaumwa. Asubuhi nikiwasha na kuvuta gia kwenye rivasi, linakaa kimya, linafikiri, halafu linashtuka na kurudi nyuma kwa kishindo. Nikiweka D ni hivyo hivyo. Barabarani likikuta mlima, injini inapiga kelele, resi zinapanda, lakini mwendo hauongezeki. Ni kama kukanyaga cherehani iliyokatika mkanda: mguu unafanya kazi, sindano imetulia.

Nililipeleka kwa Bonge, yule mwenye gereji nyuma ya soko. Bonge alilizunguka gari mara moja, akapiga teke tairi, akasema giaboksi imekwisha, ishushwe, iwekwe nyingine kuukuu ambayo yeye anajua ilipo. Mimi ningemwachia aishushe siku ileile. Mama ndiye aliyekataa. Alisema hakuna mtu atakayefungua giaboksi ya baba yenu mpaka mwanangu aseme. Mwanangu! Sijui mimi ninayekaa naye ni nani, mpangaji.

Unajua mama anakwenda hospitali kila wiki, mambo ya kawaida ya uzee. Gari hili likilala, naye atalala ndani. Hiyo ndiyo sababu pekee ya barua hii. Si kwamba nimekukumbuka. Wewe ndiye fundi wa giaboksi, na hata watu wa huku wanasema mkono wako husikia gia kabla ya sikio. Basi sikia, useme gari lina nini.

Dada yako


2 Machi

Dada,

Barua yako haikuchelewa njiani. Ilichelewa mezani kwangu. Salamu yako moja nimeipokea, nakurudishia nusu, na nusu iliyobaki mpe mama. Sisi tunaendelea. Mke wangu anasema kosa la kuolewa halimuumi. Mpe hongera binti yako; hizo zimetoka moyoni. Kazi ni nyingi mno, ndiyo maana siwezi kuja, nalisema kabla hujauliza.

Naona leo mimi ni fundi. Baba alipokuwa anagawa alichokuwa nacho, alinipita mimi niliyelala chini ya gari lile tangu sijaota ndevu, akakupa funguo wewe ambaye hata boneti hukujua inavutwa wapi. Nilinyamaza, nikaondoka. Sasa gari limeanza kufikiri kabla ya kurudi nyuma, na ghafla undugu umefufuka.

Nitakuambia, kwa ajili ya mama. Kwanza usimruhusu Bonge aguse kitu. Fundi anayepiga teke tairi ili aijue giaboksi ni kama daktari anayepapasa mlango wa mgonjwa badala ya mgonjwa. Pili, elewa kwamba gari lile ni la otomatiki. Kinachofanya kazi ya kushika na kuachia gia ni mafuta. Mafuta ndiyo yanayosukuma. Yakipungua, hakuna cha kusukuma, na gari litakufanyia vilevile ulivyoeleza. Yakiungua, hiyo ni habari nyingine na mbaya zaidi.

Kwa hiyo pima mafuta ya giaboksi, si ya injini. Najua utachanganya. Kijiti chake ni kile kifupi kilichojificha mbele, chini ya bomba la hewa. Endesha kwanza mpaka gari lipate joto. Liegeshe mahali palipo sawa kabisa. Uani kwetu panatosha, pale tulipokuwa tunacheza gololi, ukiiweka inakaa, haiendi popote hata kwa kubembelezwa. Usizime injini. Ukiwa umekanyaga breki, pitisha gia polepole kwenye nafasi zote, urudishe kwenye P. Chomoa kijiti, kipanguse, kichomeke, kichomoe tena, ndipo usome. Halafu pangusa mafuta kwenye kitambaa cheupe, unuse. Yakiwa mekundu na harufu yake ni ya mafuta tu, shukuru. Yakiwa ya kahawia na yananuka kama nguo iliyounguzwa na pasi, jiandae. Harufu hiyo unaijua kuliko mimi, maana wateja wako wanaijua.

Niandikie ulichokiona, si ulichokifikiri.

Mdogo wako


13 Machi

Mdogo wangu,

Wa huku ni wazima, pamoja na ambao hukuwauliza. Mama nimemsomea barua yako yote isipokuwa mahali ulipokosa adabu, kwa hiyo ilikuwa fupi. Alicheka kidogo, akaniomba nirudie. Sikuona cha kuchekesha.

Tuanze na mwandiko. Tangu lini unaandika kama kuku aliyekanyaga majivu? Herufi zote zimelalia nyuma. Nilikaa dirishani na barua yako kama ninayetafuta tundu la sindano. Kama unaandikia juu ya goti, nunua meza, fundi mkubwa kama wewe.

Nimefanya ulivyosema. Gari limepata joto, injini inaunguruma, gia zote nimezipitisha, nimerudisha P. Uani, kama ulivyosema. Mafuta yamefika kwenye alama ya juu, hayajapungua hata kidogo. Siku ya pili nimerudia, ni vilevile. Basi elimu yako ya mafuta imeishia hapo. Kuhusu rangi na harufu sikutaka tubishane. Nimeokota kipande cheupe kwenye kapu la vitambaa, nimekupangusia, nimekitia humu kwenye bahasha. Nusa mwenyewe. Pua yangu imejaa vumbi la pamba.

Na hali imezidi. Sasa asubuhi gari linakataa kupanda kinyumenyume mpaka nipige resi majirani wachungulie. Mama anakuwa ameshavaa, ameshika mkoba, anangoja gari limalize kufikiri. Usichelewe kama mara ya kwanza.

Dada yako


6 Aprili

Dada,

Salamu kwa mama. Za kwako tumezisikia.

Mwandiko wangu haukuhusu. Meza inayumba.

Kama mafuta yamejaa na gari bado linateleza, basi tatizo si mafuta. Ni klachi za ndani, zile sahani nyembamba zinazobanana, zimelika. Zikishalika, giaboksi nzima hufumuliwa, na kwa gari la umri ule ni kumvisha maiti viatu vipya. Liuze chuma chakavu. Ulipewa wewe, lizike wewe.

Sina la kuongeza.

Mdogo wako


20 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu zitakuja mwishoni, zikibaki.

Tulikuwa tunakwenda hospitali. Kwenye ule mlima wa tangi la maji, katikati kabisa, injini ililia, gari likasimama, halafu likaanza kurudi nyuma taratibu. Safari hiyo halikufikiri. Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nyuma yetu kulikuwa na lori la mchanga, nami nililiona kwenye kioo likikua. Mama alikuwa kiti cha nyuma. Alishika kile kishikio cha juu ya mlango, kilekile alichokuwa akishika wakati baba anakufundisha wewe kuendesha. Lori lilisimama. Dereva wake, kwa wema wake, alifungua mlango akataka kumbeba mama ampeleke kwenye lori. Mama alimtazama akamwambia, "Mimi si mchanga." Tukakaa pale juani mpaka Bonge alipokuja na kamba akatuvuta hadi nyumbani, na njia nzima hakuacha kunikumbusha kwamba alisema.

Hospitali tuliikosa. Wiki iliyofuata tukaikosa tena. Daktari ameagiza kwamba mama akiendelea kukosa, kazi yote ya miezi iliyopita itapotea na hataweza kuianza upya. Nimezunguka na maneno hayo kifuani na sina wa kumwambia ila wewe, ambaye ni sawa na kuongea na ukuta.

Nilimweleza mama uamuzi wako kwamba gari liuzwe chuma chakavu. Nilidhani ataukubali, kwa kuwa umetoka kwa mwanawe. Alisema, "Yeye hajaliona. Mwambie aje alione." Basi nakuambia: njoo ulione. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Na ukinijibu tena kwamba kazi ni nyingi, nitajua kuwa una kazi ya kutukimbia.

Halafu kitambaa. Nilipangusa, nikakunja, nikatia, na hukukitaja hata kwa neno moja. Ulikinusa au ulikitupa?

Salamu hazikubaki.

Dada yako


29 Aprili

Dada,

Umeona nimejibu haraka. Usizoee. Mama mpe salamu zangu zote, na mwambie alifanya vizuri kumkatalia mtu wa mchanga.

Kitambaa sikukitupa, sikukiona. Nilisoma barua yako, nikafika kwenye mwandiko, nikakasirika, nikaruka hadi uliposema mafuta hayajapungua, nikairudisha kwenye bahasha na kuisukumiza chini ya godoro na vyote vilivyomo. Jana nimekitoa. Nimekinusa, mke wangu amekinusa, nimekiinua kwenye mwanga. Mafuta ni mekundu na masafi, hayana harufu ya pasi. Klachi zikilika huchafua mafuta. Haya hayajachafuka. Kwa hiyo nilikosea niliposema liuzwe, na sentensi hiyo nakuomba uisome mara moja tu. Giaboksi ile haijafa. Ina njaa.

Lakini wewe unaapa kijiti kinaonyesha imeshiba. Kijiti na kitambaa haviwezi vyote viwili kusema kweli. Nikazitoa barua zako zote nikazisoma upya, moja baada ya nyingine, kama ninavyosikiliza gari lililoletwa na mtu mwongo. Uliandika kwamba asubuhi linakataa kupanda kinyumenyume. Kupanda wapi? Uani kwetu hakuna cha kupanda. Gari likiinamisha pua, mafuta hukimbilia mbele kwenye kijiti, kijiti kikaonyesha shibe wakati tumbo ni tupu. Wewe hupimi mahali palipo sawa. Unapima kwenye mteremko, kisha unaniandikia "uani, kama ulivyosema", ukinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tena kitambaa chenyewe kina mstari wa buluu pembeni na tundu la msumari kwenye kona. Hilo ni pazia la chumba changu cha uani. Nililitundika mwenyewe kwa msumari kwa sababu sikuwa na kitu kingine. Limefikaje kwenye kapu lako?

Na mama. Kwa nini mtu aone ni lazima ambebe? Ni kazi gani ya miezi ambayo daktari anaogopa ipotee? Mambo ya kawaida ya uzee hayana kazi ya miezi.

Lipime gari leo hii mahali pengine palipo sawa. Ukimaliza hilo, uniambie umefanya nini uani, na chumba changu kiko wapi.

Mdogo wako


30 Mei

Dada,

Salamu kwa mama peke yake.

Kimya kingi kina mshindo. Nimempigia Bonge simu. Alisema gari liko salama. Nilipomuuliza habari za uani, akakumbuka ana mteja. Nikampigia tena, akawa na mteja yuleyule.

Nangoja.

Mdogo wako


12 Juni

Mdogo wangu,

Salamu, na leo zipokee kamili, kwa sababu baada ya kusoma utazirudisha. Mama anaendelea vizuri, nitafika kwake. Binti yangu ameanza kidato kipya na ameniomba nikuandikie kwa ustaarabu. Nimemwambia nitajaribu.

Kwanza gari. Siku ileile niliyopata barua yako nilimchukua Bonge tukaenda kituo cha mafuta, pale kwenye sakafu ya saruji. Niliisimamisha bobini ya cherehani chini nikaona haibingiriki, maana gololi sina. Nikapima ulivyoagiza. Kijiti kilitoka kikavu. Bonge alilala chini, akakuta bomba la mpira linalopeleka mafuta kwenye rejeta limepasuka ufa mwembamba, linalia tone tone. Pale uani hatukuona alama yoyote kwa sababu tone likianguka linanyweka. Amebadilisha bomba, tumejaza mafuta kidogo kidogo huku tukipima, na sasa ukiweka rivasi gari linaitika kabla hujaachia breki. Mama amerudi hospitali na daktari amempokea kwa kumgombeza. Bonge anasema wewe ni mchawi. Nimemwambia wachawi hufika nyumbani walau mara moja moja.

Sasa uani. Chumba chako hakipo. Nilikivunja mimi, kwa nyundo ya baba, na Bonge alinisaidia kushusha paa.

Mama hawezi kushuka ngazi za kibarazani. Ilianza mwaka jana, mguu wa kushoto kwanza, kisha yote miwili. Hospitali anakwenda kufanyishwa mazoezi ili miguu isimkatae kabisa, akiacha, haitarudi. Kubebwa hataki, hilo umeshaambiwa. Nilihitaji gari lifike usawa wa kibaraza, mlango wa nyuma ukutane na sakafu, asogee tu akae, aonekane kama mtu anayetoka kwake kwenda safari zake. Kwa hilo nilihitaji kifusi, na jengo lililokaa bure lilikuwa moja, lako, mlango wake umevimba kwa mvua na panya wana vyumba viwili. Nikalivunja, nikalimwaga mbele ya kibaraza, nikashindilia. Matofali yako ndiyo mwinuko. Kila wiki narudi nyuma juu yake, na mama anapandia gari juu ya chumba chako. Kijiti kilikudanganya kwa sababu hiyo.

Kwa nini sikusema. Mama alinikataza. Alisema, "Akija kwa ajili ya miguu yangu atakuja kama anayekuja msibani. Nataka aje akiwa amenikumbuka." Nikangoja ukumbuke. Hata mimi usinione malaika: sikutaka kusema, nilijua utaanza kuyalilia matofali kabla ya kuuliza miguu.

Mwinuko wenyewe si mzuri. Mvua zimeula upande mmoja, gurudumu la kushoto linazama, na mama akipanda anafumba macho. Mimi ni fundi wa vitambaa.

Nimalizie, kwa sababu si wewe tu unayejua kusikiliza kilichoharibika ukiwa mbali. Barua zako za zamani zote zilikuwa na alama nyeusi ya kidole gumba pembeni. Mama alikuwa akiigusa kwanza ndipo nimsomee. Hizi za sasa ni safi kama za karani. Na herufi zinalalia nyuma. Nina mteja mmoja anayetumia mkono wa kushoto, ananiandikia vipimo vyake mwenyewe, na herufi zake zinalala hivyo hivyo. Meza haiyumbi. Unaandika kwa kushoto, na mikononi huna mafuta. Kazi si nyingi, mdogo wangu. Kazi haipo.

Mkono wa kulia una nini? Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika nyumba hii tumekuwa wafichaji wawili. Mama sitamwambia. Mwambie mwenyewe.

Dada yako


25 Juni

Dada,

Mama anaweza kusimama akishika kitu? Usingizi anapata? Miguu inauma au imekufa ganzi tu? Hayo nijibu kwa simu, usingoje kuandika. Nitapokea.

Umeona nilichoanza kuuliza. Weka hilo kwenye kapu lako.

Mkono. Giaboksi ilishuka kabla jeki haijakaa sawa, na ilikuwa ni haraka yangu mwenyewe. Vimebaki vidole viwili vya maana. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Naongezea kwamba viwili havifungui nati. Sasa nakaa kwenye dirisha la duka la vipuri, nawauzia mafundi wengine, na gari likiingia najua lina nini kabla dereva hajashuka, lakini hakuna anayeniuliza. Wewe ndiye uliyeniuliza, kwa matusi, na niliipenda barua ile ya kwanza kuliko ninavyoweza kukuambia. Nyumbani sikuja kwa sababu mama akisalimia hushika mkono kwa mikono yake miwili, na haachii.

Umeridhika?

Kuhusu chumba sijapoa. Matofali yale niliyafyatua mwenyewe, moja moja, likizo nzima, na wewe ulikuwa unapita na ndoo unacheka. Ungeniuliza. Ningekataa, ningekutukana, halafu ningekubali. Uliniibia nafasi ya kukubali, na hilo sijakusamehe wala sioni dalili.

Tena umejenga kama mshono wa mwanafunzi. Kifusi hakimwagwi, hupangwa: vipande vikubwa chini na kwenye kingo, vidogo katikati, kisha ndipo ushindilie. Mvua haikula kitu. Wewe ndiye uliyeacha ukingo wazi. Weka ubao mnene chini ya gurudumu la kushoto, umpandishe mama kwa tahadhari mpaka nifike. Nimeomba ruhusa dukani, nakuja katikati ya mwezi ujao. Siji kwako. Nakuja kuyapanga matofali yangu. Na kwa kuwa sina chumba, nitalala ndani ya gari, ambalo kwa haki lilikuwa langu.

Mdogo wako


4 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Nakuletea mbili, moja ni ya mama.

Umeshaongea naye kwenye simu, kwa hiyo habari zake unazo. Nilitoka chumbani nisisikie. Tangu siku ile redio inasema peke yake. Kwamba umemwambia habari za mkono nimejua kwa kuwa ameniagiza nikushonee shati lenye mkono mpana, lisilo na kifungo cha kuhangaika nacho. Nimeshona. Sikukushonea mimi, nimetumwa. Alikuwa amekaa pembeni yangu muda wote, akinionyesha upana kwa vidole vyake.

Ubao nimeuweka. Gurudumu halizami sana.

Kwenye gari hulali. Mwenye gari ni mimi na nimekataa, na kiti cha nyuma ni cha mama, kina mto wake. Utalala chumba cha cherehani, chini ya meza ya kukatia, na pini zikikuchoma ni shauri lako.

Kuhusu kazi yako uani, nimemuuliza Bonge, naye ameniambia nilichokuwa najua. Matofali hayapangwi kwa mkono mmoja. Nitashika mimi upande wa pili, na usinisemeshe.

Dada yako